Noti Nyeupe Iliyokaguliwa Kama Mbuzi

Toa kidole hapo. Hilo ndilo somo la kwanza, na ukisahau mengine yote, hilo lishike. Kila wiki simu yangu inalia, nakuta kijana wa Umoja au wa Dandora amenitumia picha: "Niaje shosho, hii inaenda ngapi?" Naangalia, naona dole gumba, na nyuma ya dole kona ya kitu cha kijani. Sasa nikupe bei ya dole? Noti kuukuu ya Mwingereza hushikwa kingoni, polepole, kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa. Kama umetoka kula chapati, iache mezani na uende zako.

Mimi ni Mama Kamau, na nimestaafu, ingawa nyinyi hamtaki kuniacha. Miaka mingi nilikuwa na kibanda katika soko la Gikomba, ubavuni mwa wauza makoti ya mitumba, nikinunua na kukusanya noti za zamani za Uingereza. Watu walinicheka wee! Walisema, tazama yule mama, ananunua pesa kwa pesa. Hata mchungaji wangu aliniombea mbele ya kanisa zima bila kunitaja jina, lakini akinitazama.

Mnaniuliza noti za Waingereza zilifikaje Eastlands. Zilikuja zimevaliwa. Mzee wa huko anafariki, watoto wake wanatoa makoti yake sadaka bila kuyapekua, makoti yanafungwa kwenye belo, belo linafunguliwa Gikomba, na ndani ya bitana kuna pauni aliyoificha ili mkewe asiione. Nyingine zilitoka kwenye mikebe ya wazee wetu waliowapikia wazungu au waliokwenda vita vyao. Mtu alikuwa anakuja na mkebe wa biskuti ameukumbatia, hataki kuufungua mpaka nifunge mlango, na kibanda changu hakikuwa na mlango.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Salim, fundi cherehani wa Pumwani, aliyekuwa akiwapunguzia watu hayo makoti. Alikuwa akilipapasa koti mgongoni, anatulia, halafu anasema, "Hapa pana mtu." Anafumua mshono, anatoa noti kwa kibanio cha nyusi alichomnyang'anya mkewe. Ndiye aliyenifunza kuinua noti kwenye mwanga wa dirisha nione alama iliyofichwa ndani ya karatasi. Ndiye aliyenifunza kuinusa, kwa sababu noti iliyooshwa hunuka sabuni hata baada ya miaka. "Mama Kamau," alikuwa akiniambia, "hii si pesa tena, ni mgonjwa. Mgonjwa haogeshwi ovyo."

Nami nilijua anachosema, kwa kuwa nilikuwa nimeolewa na mpiga pasi. Marehemu Baba Kamau alifanya kazi kwa dobi mmoja kule Industrial Area, na hakuna kitu kilichomkera duniani kama kunyanzi. Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta amenifanyia hisani. Alikuwa ameichukua noti yangu ya shilingi kumi, ile ya rangi ya kahawia, akaifua, akaitia wanga, akaipiga pasi pande zote mbili. "Nimekunyooshea pesa yako," akasema, uso unang'aa. Jamani, ile noti ilikuwa inasimama yenyewe mezani! Nilimwambia ahsante, nikaenda jikoni nikaketi juu ya gunia la makaa mpaka moyo ukatulia.

Yupo na yule makanika aliyeniletea pauni ya buluu ya wakati wa vita. Mnajua pauni ile ina uzi mwembamba wa chuma ndani, waliutia kuwakomesha waghushi. Basi bwana yule akaniwekea noti juu ya meza, na pembeni yake akaweka uzi. "Nimeutoa kwa koleo," akasema, "nikaona hii ni waya ya kukusikiliza, nisikuletee balaa." Alitaka na ujira wa kuutoa. Nilimfukuza kwa kiatu, kisha nikamwita arudi, maana alikuwa ameacha watu wamejaa kibandani wakidhani nimemwibia.

Siku hizi nyinyi mnauziana kwenye mtandao, mnapiga picha, mnatafuta bei, mnajua kila kitu. Vizuri. Lakini mtandao hautawafundisha kwamba plastiki laini ya kufungia daftari hutoa jasho na kuila noti taratibu, au kwamba mkunjo ukishaingia hautoki, hata uombe namna gani. Noti isiyo na mkunjo ni kitu kimoja. Noti yenye mkunjo mmoja ni kitu kingine kabisa, na hao wawili hawasalimiani.

Hapo ndipo kisa cha noti nyeupe kinapoingia. Nakisimulia mwenyewe kwa sababu shemeji yangu Baba Maina amekuwa akikisimulia kwenye arusi za watu, na kila mwaka anakigeuza, mpaka sasa eti yeye ndiye shujaa.

Noti nyeupe ni pauni tano ya zamani. Ni kubwa kuliko kiganja, karatasi yake nyembamba inalia ukiitikisa, maandishi yake ni meusi ya kujipindapinda ya kizamani, na yamo upande mmoja tu. Nyuma ni tupu. Kwa ukubwa wake kila Mwingereza aliikunja ili iingie mfukoni, ndiyo maana isiyokunjwa ni adimu. Mzee Salim aliipata moja kwenye mgongo wa koti zito, imelazwa baina ya kitambaa na bitana, imenyooka tuli. Miaka yote alininyima. Macho yake yalipoanza kufifia aliniita kwake Pumwani, akanikabidhi akisema, "Kwangu sasa ni karatasi tu. Chukua wewe mwenye macho." Sikuiuza. Waliniandikia watu wa ng'ambo, nikawajibu hapana. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa naitoa, naitazama, nairudisha.

Kisha mwanangu Kamau akampenda Nyambura.

Nyambura ni wa watu wa mtaa wa Fedha, nyumba za ghorofa, orofa ya nne. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Gitau, mtu mwangalifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwetu mahari hupelekwa siku ya ruracio, na mahari ni mbuzi. Kamau alikuwa kuli kwenye ghala moja la Industrial Area, akajibana, akanunua mbuzi katika soko la Kiamaiko, tukawapandisha kwenye pikapu mpaka Fedha. Mlinzi wa jumba akasema mbuzi hawapandi ngazi. Tukiwa bado tunabishana, beberu mmoja akapanda mwenyewe. Alifika orofa ya tatu, akala mapazia ya mtu na tangazo la kodi. Tulirudishwa na mbuzi wetu, na Kiamaiko wakatununulia tena kwa bei ya kutucheka.

Mara ya pili tulikwenda na pesa kwenye simu. Mzee Gitau akaitazama ile simu, akairudisha. "Kwanza haitoshi," akasema. "Pili, mbuzi wa simu hashikiki. Mzee atampapasa wapi?" Akatupa nafasi moja tu iliyobaki. Kulikuwa na familia nyingine inabisha hodi, ya mwenye duka la vyuma, na tukishindwa kuleta kitu cha kushikika, basi tusijuane.

Hapo Baba Maina, msemaji wetu, ndugu wa marehemu mume wangu, akasimama bila kuniuliza. "Wakwe zetu," akasema, "shemeji yangu ana karatasi ya Mwingereza inayozidi kundi zima la mbuzi. Na haipandi ngazi yenyewe."

Nilitaka ardhi ipasuke immeze! Lakini nikamwona Kamau ananitazama. Alikuwa na macho yale yale ya utotoni alipokuwa akitaka kitu na anajua hatuna. Nikatikisa kichwa kukubali. Mzee Gitau akaniuliza thamani yake, nikamwambia ukweli: kama ilivyo, haijakunjwa, ni mbuzi wote mnaowataka na chenji ya kondoo. Tukapatana kwamba itahesabiwa siku ya kuikabidhi, jinsi itakavyokuwa.

Siku ikafika. Sebule imejaa, vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye kila kiti, mchuzi unanukia kutoka jikoni. Mama wa bwana arusi hasemi na wazee moja kwa moja. Mimi niliketishwa na wanawake karibu na mlango wa jikoni, leso mabegani, na nikiwa na neno namnong'oneza Baba Maina naye analipeleka mbele. Noti ilikuwa ndani ya jalada gumu juu ya meza. Nilidhani wataitazama.

"Mbuzi hukaguliwa kwa mkono," akasema Mzee Gitau. "Kila mzee ampapase aridhike."

Ngai! Mzee wa kwanza akalamba dole gumba, akaigeuza. Akaigeuza tena. "Huyu mbuzi," akasema kwa sauti nzito, "ana upande mmoja tu."

Sebule ikachafuka. Mmoja akasema ameibiwa upande, mwingine akasema labda upande wa pili huja baadaye. Nikamvuta Baba Maina suruali. "Waambie ndivyo alivyozaliwa. Na huyo aondoe dole lake lenye mate!"

Baba Maina akajikohoza. "Mama Kamau anawashukuru wazee kwa macho yao makali."

Mzee wa pili alikuwa mtu wa Kiamaiko tangu ujana wake, na mbuzi humjua kwa uti wa mgongo. Akaishika noti kwa mikono miwili, akaikunja katikati, akaupitisha ukucha juu ya mkunjo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliusikia ule ukucha. Mpaka leo nausikia.

"Ana nguvu," akasema, ameridhika.

"Mwambie ameua!" nikamnong'oneza shemeji. "Mwambie nusu ya kundi imelala!"

"Mama anasema," Baba Maina akatangaza, "mbuzi wametulia vizuri."

Sikuweza. Nilisimama, leso ikaanguka. "Wamekufa!" nikapiga kelele. "Wametulia kwa sababu wamekufa! Nusu nzima!"

Mama wa bwana arusi ameongea. Baba Maina akajifunika uso. Mzee Gitau, kwa heshima kubwa, akaomba nieleze, nami nikaeleza habari ya mkunjo. Wazee walisikiliza kwa makini, kisha wakaanza kesi ambayo sijawahi kuisikia tena maishani: mbuzi aliyekufa wakati wa kukaguliwa ni wa nani? Mzee Gitau akasema sheria inajulikana, mbuzi ni wa mletaji mpaka mwenye boma aseme tumepokea. Kamau akasema, "Lakini mzee, amefia mikononi mwenu." Mzee wa Kiamaiko akaapa kwamba yeye amepapasa mbuzi maisha yake yote na hajaua hata mmoja, na ili kuthibitisha akamkunja tena.

Robo nyingine ikaenda. Nikaketi.

Chakula kikaletwa ili watu wapoe. Mimi sikula. Nilikuwa nahesabu moyoni kama kilichobaki kinaweza kumnunulia mwanangu hata robo ya arusi, na Kamau alikuwa ameshika kipande cha nyama bila kukitia mdomoni. Nilipoinua macho kutazama mezani, jalada lilikuwa wazi na tupu. Mzee Gitau pia hakuwepo.

Alirudi anahema kwa ngazi, uso umejaa fahari. Mnajua sisi watu wa Eastlands na laminesheni. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, hati ya shamba, picha ya marehemu, chochote tunachokipenda tunakikimbiza saiba, duka la kompyuta, kikafungwe ndani ya plastiki ya moto. Ndivyo alivyofanya. Alikuwa ameshika noti ya Mzee Salim juu kabisa ili kila mtu aione, inameta, bado ina joto la mashine.

"Sasa hakuna atakayemuua tena," akasema. "Hata maji hayaingii. Ilikuwa kubwa kidogo, wakaipunguza kingo ili itoshe."

Wakaipunguza kingo. Noti iliyokatwa kingo haina mnunuzi.

Akaja mpaka nilipoketi, akainama kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, naapa, alikuwa ameitendea noti ile wema wote alioujua. "Mama Kamau, wewe ndiye mjuzi. Tuambie sasa, hapa pana mbuzi wangapi?"

Vijana wangu, sikilizeni. Sebule ile nzima hakuna aliyejua lolote. Ningesema wote wapo, wangepiga vigelegele. Baba Maina alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili. Kamau alikuwa amefumba yake. Lakini wangeipeleka kuiuza siku moja, wangechekwa, na wangerudi kubisha mlango wa mwanangu akiwa na mke na watoto ndani. Na isitoshe, miaka yote hiyo watu waliniletea mikebe yao kwa sababu nikisema hapana kitu, hapana kitu.

"Hakuna mbuzi hapo, mzee," nikasema. "Hata kwato. Hiyo ni plastiki."

Mzee Gitau akanyooka. Akaitazama noti, akaitazama sebule. Niliona amehuzunika kweli, lakini sheria ilikuwa sheria. "Basi mahari haijafika," akasema. "Mbuzi wamekufa kabla hatujapokea. Msiba ni wa mletaji." Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao. Kamau akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Gitau."

Ilikuwa sauti ya shosho wa Nyambura. Bibi kizee huyu alikuwa pembeni siku nzima akichambua minji kwenye sinia, wala hakuna aliyemtazama. "Nani amempeleka mbuzi saiba?"

"Mimi, mama."

"Uliwaomba ruhusa wageni?"

"Aa, mama, ruhusa ya nini? Nilikuwa nahifadhi mali yetu."

Shosho akaendelea na minji yake kidogo. "Mali ya nani?"

Mzee Gitau akaificha noti nyuma ya mgongo. Wazee wote walikuwa wamemsikia akiiita mali yao, hata yule wa Kiamaiko akaacha kutafuta fimbo.

"Mtu hapeleki mbuzi wa jirani kwenye laminesheni," akasema shosho. "Alikuwa ameshaingia zizini. Amefia kwetu, na aliyemuua ni wewe. Waite wasichana walete chai, wakwe zetu wamekauka koo."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani vilisikika mpaka uwanja wa ndege. Kamau aliinuliwa juu. Baba Maina akaanza hotuba ndefu akieleza jinsi alivyopanga mambo yote tangu mwanzo. Noti wakaiegemeza kwenye televisheni, na wageni wakapiga picha nayo. Kila mtu alinishika mkono: hongera mama, hongera sana, umepata mkwe. Nami nilikuwa nalia, na wanawake wakawa wanasema, mwacheni, ni furaha. Ilikuwa furaha. Lakini si furaha peke yake, na singeweza kumweleza mtu sebuleni mle nisionekane mwendawazimu.

Nyambura akaja na birika la kunawisha. Akapiga magoti mbele yangu, akanimiminia maji mikononi taratibu, wala hakuniambia hongera. Akanikaribia sikio.

"Mama," akasema, "pole kwa noti."